Usisubiri Majani Yakauke: Kwa Anayetaka Kufuatilia Ukame kwa Setilaiti

Msomaji mmoja wa Garissa, anayemalizia shahada yake, ameniandikia: "Dada, nina laptopu na bando, nataka kufuatilia ukame kwa setilaiti. Nianzie wapi?" Najua wengi wenu mna kiu hiyo hiyo, kwa hiyo namjibu hapa.

Anza na udongo. Wengi hukimbilia ramani za ukijani wa majani kwa kuwa zinapendeza na ziko tele. Lakini jani hunyauka mwisho, maji yakiwa yameshatoweka ardhini. Setilaiti ya SMAP ya NASA, iliyorushwa Januari 2015, hupokea mawimbi ya maikrowevu yanayotoka ardhini kwenyewe. Udongo uliolowa hutoa mawimbi hafifu kuliko mkavu, na mawingu hayazuii. Kipimo chake ni cha sentimita 5 za juu tu, na pikseli yake, yaani mraba mmoja wa picha, ni pana, kama kilomita 36 kila upande. Hata hivyo, kila baada ya siku 2 au 3 inapita tena.

Mwishoni mwa 2021 mvua za vuli ziligoma tena kaskazini mwa Kenya. Nilichora ramani ya unyevu wa udongo, nikailinganisha na miaka iliyotangulia, nikaipeleka kwa mkubwa mmoja. Akauliza mbona kwenye ramani ya ukijani bonde moja la huko lina majani. Nikamwambia hayo ni mathenge: mizizi yake huzama chini sana, kwa hiyo mti unabaki kijani huku ng'ombe wakikosa nyasi. Akanirudishia karatasi zangu mbele ya wenzangu, akasema tungoje ushahidi. Inaniuma mpaka leo. Mvua zilikosa misimu 5 mfululizo, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, na mifugo kwa mamilioni ikafa Kenya, Ethiopia na Somalia. Ramani yangu ilikuwa sahihi!

Kwa hiyo, ndugu zangu, linganisheni kila mahali na historia yake penyewe. Marsabit iliyo kame haiwezi kupimwa kwa mizani ya Kericho yenye mvua nyingi. Hata kipimo cha VCI, kinachotumiwa na NDMA, mamlaka ya Kenya ya kudhibiti ukame, hufanya hivyo kwa majani: huuliza ukijani wa leo uko wapi kati ya ule wa chini kabisa na wa juu kabisa uliowahi kuonekana hapo. Kwa mizani ya 0 hadi 100, chini ya 20 ni ukame mkali, chini ya 10 umepita kiasi. Kitumieni, lakini udongo utangulie.

Kisha wapigieni simu wafugaji. Waulizeni visima vina maji kiasi gani na mifugo inahamia wapi, kabla hamjachapisha chochote. Mtu anayechora ukame bila kuzungumza na wanaouishi hajaanza kazi.

Data za SMAP ni bure. Fungua akaunti ya Earthdata, tovuti ya data ya NASA, leo, chagua kaunti yako, uanze na vuli ya 2021.