Kitalu nyumba cha chuo kilichokufa: kifufue kwa miche

Vitalu nyumba vingi vya vyuo hufa kwa udongo ulioshika ugonjwa, au kwa likizo ndefu isiyo na mtu wa kumwagilia. Nailoni mpya haiponyi lolote kati ya hayo. Kabla ya kununua chochote, jua chako kilikufa kwa nini.

Panda miche 10 ya nyanya, uitawanye kitalu kizima. Mmoja ukinyauka ungali wa kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria. Hukaa udongoni kwa miaka, na hakuna dawa ya kupulizia inayoutibu. Mizizi yenye vinundu ni dalili ya minyoo fundo, minyoo midogo mno ya udongoni inayoshambulia mizizi. Hao hupungua ukilowesha udongo na kuufunika kwa nailoni angavu wiki 4 hadi 6 za jua kali.

Ndiyo maana tunashauri kitalu cha chuo kizalishe miche ya wakulima wa mjini, juu ya meza, mbali na udongo huo. Kwa joto la Dar es Salaam, nyanya chini ya nailoni hupukutisha maua hata udongo ukiwa mzima. Mche wa wiki 4 hauna maua ya kupoteza. Meza ya mita 12 kwa 1.2 hubeba trei 84 za sentimita 54 kwa 28 zenye matundu 128, yaani miche zaidi ya 10,000 kwa mkupuo mmoja.

Changanya makumbi ya nazi yaliyosagwa sehemu 3 na mboji iliyochekechwa sehemu 1. Makumbi ya pwani mara nyingi yana chumvi: yaloweke usiku kucha, uyasuuze mara tatu. Usipofanya hivyo ncha za majani huungua, utadhani ni kiu, utazidisha maji, na mizizi itaoza.

Paa liwe na nailoni ya mikroni 200 yenye kinga dhidi ya jua. Salfa huichakaza mapema, usiipulizie humo. Pembeni weka neti ya kuzuia nzi weupe, na juu acha tundu la kutolea joto, nalo ulizibe kwa neti. Milango iwe miwili, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa kantangaze, nondo anayeharibu nyanya, huingia pamoja na watu.

Siku 7 za mwisho zoesha miche jua na upunguze maji, la sivyo itababuka ikifika kwenye viroba vya mteja.

Sia kwa kalenda ya chuo, miche iondoke kabla ya likizo. Inayobaki akabidhiwe mlinzi kwa malipo, amwagilie asubuhi na alasiri, naye awe na ufunguo wake.