Stroberi za kuzaa mfululizo: ninunue miche mipya ama Chandler zangu zinatosha?

SWALI: Habari mtaalamu. Niko Tigoni, Limuru, na niko na vitanda vinne vya stroberi aina ya Chandler, nilipanda mwaka juzi. Zinazaa vizuri halafu zinanyamaza, sana sana mwezi wa nane hadi wa tisa mwanzoni nakosa hata za kujazia wateja pakiti. Majani yenyewe ni mazuri kabisa, naweka CAN kila mwezi. Kaka yangu anaishi Birmingham, Uingereza, anasema alipanda zile za kuzaa mfululizo na anachuma kuanzia Juni mpaka Oktoba, na anataka kuniletea miche akija Desemba. Nikubali?

JIBU: Nzuri dada. La miche ya kwenye sanduku nilimalize haraka: mwambie asijisumbue. Mmea ukiingia Kenya lazima uwe na kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, kilichotolewa kabla ya kusafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka kule unakotoka. Hata asiposhikwa pale airport, magonjwa ya mizizi ya stroberi ukishayaingiza kwa shamba hayatoki leo wala kesho.

Sasa tuje kwa jambo lenyewe. Kaka yako hakudanganyi, ila anaongea ya kwao. Birmingham mwezi wa sita mchana unakaribia masaa 17, Desemba hata 8 haufiki. Stroberi kama Chandler, ambayo ilitolewa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1983, inaanza kutengeneza maua mchana ukiwa mfupi, tuseme chini ya masaa 14, ama baridi ikiwepo ya kutosha. Kwa hivyo kule inatengeneza vichipukizi vya maua siku zikianza kufupika, inalala msimu wa baridi, halafu inazaa wiki chache tu mwanzo wa joto na imeisha hiyo mpaka mwaka ujao. Ndiyo maana watu wa huko walihangaika kutafuta mmea usiojali urefu wa mchana, ndiyo hiyo ya kuzaa mfululizo. Royce Bringhurst wa chuo hichohicho alichukua stroberi mwitu ya milima ya Wasatch kule Utah, Marekani, akaichanganya na za shamba, na aina za kwanza zikatoka 1979. Hizi Albion na San Andreas mnazosikia zimetoka kwa ukoo huo.

Lakini wewe uko kama nyuzi 1 tu kusini ya ikweta! Mchana wako Januari ni masaa 12 na dakika chache, Julai ni masaa 12 na dakika chache, na Limuru iko juu karibu mita 2,200 kwa hivyo ubaridi haukosi. Kwa Chandler, kwako ni siku fupi mwaka mzima. Hakuna mwezi ambao mchana unaiambia iache maua, kwa hivyo ikinyamaza kuna kitu kingine kimeinyamazisha, na hicho kitu kitanyamazisha Albion pia, tena ukiwa umeshalipia miche ya bei.

Hapa ndipo wakulima wengi wanakosea hesabu. Ua likishafunguka linachukua kama mwezi mmoja kuwa tunda jekundu, na kukiwa na baridi linavuta mpaka wiki sita. Kwa hivyo ukikosa stroberi mwezi wa nane usiangalie mwezi wa nane, rudi nyuma uangalie Julai ilikuwaje, na Julai ya Tigoni unaijua mwenyewe, ukungu wa hewani asubuhi mpaka saa saba, manyunyu, jua hakuna. Nyuki hatoki kwa hali hiyo. Ua lisipochavushwa sawasawa linatoa tunda lililojikunja upande mmoja ama halitoi kitu, na lile lililobaki limelowa siku nzima linashikwa na ule ugonjwa wa vumbi la kijivu. Ukiona matunda mengi yamepinda kabla ya lile pengo, jibu ndilo hilo.

Kuna la Januari na Februari pia, kwa sababu usiku ukiwa wazi bila mawingu Limuru hupigwa na jalidi, ile baridi ya kugandisha umande, waulize wenye majani chai. Asubuhi yake inama uangalie katikati ya ua: pale kati panatakiwa pawe na rangi ya kijani-manjano. Kama pamekuwa peusi ua hilo limekufa, hata kama petali bado ni nyeupe na zinavutia.

Dawa ya hayo yote ni kifuniko. Pinda fito ama paipu juu ya kitanda, funika na karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, usiku wa baridi shusha mpaka chini, asubuhi inua pande zote mbili upepo na nyuki wapite. Ukisahau kuinua utakuwa umefuga ule ugonjwa wa vumbi la kijivu wewe mwenyewe.

La pili ni hiyo CAN, mbolea ya naitrojeni. Majani yakinawiri kama sukuma wiki na matunda hakuna, mmea umeshiba naitrojeni. Isimamishe kwa muda, na ukirudi kulisha tumia kidogo kidogo mbolea yenye potasiamu nyingi, afadhali ipitie kwenye maji ya dripu. Mbolea mbichi ya kuku usiweke kabisa, naona watu wanamwaga magunia.

Halafu zile rana, kamba zinazotambaa. Sijui kama unazikata maana hujasema, lakini kila rana unayoiacha inakula chakula cha tunda. Zikate kwa mkasi karibu na mche mama kila wiki, usivute kwa mkono, unaweza kung'oa mche wote. Acha mimea michache tu pembeni, yenye afya, ikuzalie miche. Na hiyo miche utaihitaji, kwa sababu vitanda vya mwaka juzi vinaelekea kuchoka. Usiving'oe vyote pamoja. Badilisha kimoja sasa, kingine baada ya miezi mitatu hivi, ukizungusha hivyo, kwa sababu mche mpya unaanza kutoa baada ya miezi miwili mitatu, na kwetu hapa unazaa kwa kufuata umri wake na hali ya hewa, mwezi wa kalenda hauna neno. Ukipanda vyote siku moja vitajaa pamoja na kunyamaza pamoja.

Sikatai Albion moja kwa moja. Tunda lake ni gumu kidogo, linasafiri vizuri, na haitoi rana nyingi, ingawa hiyo ndiyo inafanya miche yake iwe ghali. Ukitaka kujaribu nunua michache kwa mwenye kitalu aliyesajiliwa, ipande kando ya Chandler chini ya kifuniko kimoja, maua ya mwezi wa kwanza uyatoe yote ishike mizizi, moyo wa mche uwe sawa na udongo, ukizikwa unaoza. Uandike kilo za kila upande. Na ukiwa na rafiki Mombasa anayetaka mambo haya mwambie aache, joto likipita nyuzi 30 hata hizi za mfululizo zinaacha kutoa maua.