Matundu manane, maiki nane: maswali yenu kuhusu saundi kadi kubwa

Tangu nilipoeleza namna ya kumrekodi mtu mmoja na gitaa lake chumbani, barua nyingi zinazonifikia ni za watu wenye vikundi: kwaya, taarab, bendi za harusi. Wote wanataka kila chombo kiingie kwenye kompyuta kwa treki yake, ili ngoma ikizidi ipunguzwe bila kumgusa mwimbaji. Hiyo ni kazi ya saundi kadi yenye njia nyingi, ambayo wengine madukani wanaiita intafesi. Nimechagua maswali manane.

"Shikamoo fundi. Kwaya yetu ina waimbaji 24, kinanda, gitaa la besi na ngoma mbili. Nimeambiwa ninunue saundi kadi ya njia 32. Hela zenyewe hatuna." (Morogoro)

Marahaba. Aliyekuambia hivyo labda anauza saundi kadi. Usihesabu vichwa. Waimbaji 24 waliosimama nusu duara ni chombo kimoja, nacho kinarekodiwa kwa maiki mbili. Mpango ninaoupenda ni ule uliotoka shirika la utangazaji la Ufaransa na ambao bado unaitwa kwa kifupi cha jina lake, ORTF: maiki mbili za kondensa za aina inayosikia mbele tu, vichwa vyake viachane sentimita 17, vitazame nje kwa pembe ya nyuzi 110. Zipandishe kwenye stendi ndefu, juu kidogo ya vichwa vya mstari wa mbele, mita mbili au tatu kutoka walipo. Kisha vaa hedifoni, waimbe, usogeze stendi mbele na nyuma mpaka usikie kwaya, siyo ukumbi.

Sasa tuhesabu: kwaya 2, mwimbaji wa solo 1, kinanda 2, besi 1, ngoma 2. Jumla nane. Saundi kadi yenye priampu nane (vikuza sauti ya maiki), kama Focusrite Scarlett 18i20 au Behringer UMC1820, inamaliza kazi. Na hata hapo kuna la kufikiri. Kinanda hakihitaji priampu, kinaingia kwenye tundu la laini, lile la sauti ambayo tayari ina nguvu. Halafu ngoma zikipigwa karibu na kwaya zitajaa kwenye zile maiki mbili, na hakuna treki itakayokusaidia kuzitoa humo. Mimi ningerekodi kinanda, besi na ngoma kwanza, kisha kwaya iimbe juu yake ikisikiliza kwa hedifoni. Ukienda hivyo, saundi kadi yenye priampu nne na matundu manne ya laini inakutosha, na pesa inayobaki inanunua stendi nzuri. Stendi mbovu imeua maiki nyingi kuliko mvua.

"Nilinunua miksa ya chaneli 12 yenye USB nikijua nitapata treki 12. Kompyuta inaona mbili tu. Nimeibiwa?" (Mombasa)

Hukuibiwa, ila hukuambiwa. Miksa nyingi za bei ya chini zinachanganya kila kitu ndani yake zenyewe, kisha zinapeleka kwenye USB mchanganyiko uliokwisha iva: kushoto na kulia, basi. Uji ukishakorogwa huwezi kuitoa sukari. Kabla ya kununua, soma kwenye karatasi ya maelezo USB inapeleka njia ngapi kwenda kompyuta. Ukiona 2x2, ni kushoto na kulia hata kama miksa ina chaneli 24.

Ila usiitupe. Geuza vitufe vya kushoto-kulia: sauti zote za watu zisukume kushoto kabisa, ala zote kulia kabisa. Kwenye programu, tenganisha pande hizo ziwe treki mbili za mono. Umepata waimbaji huku na ala kule, na kwa rekodi ya mazoezi hiyo si haba. Kama nyuma ya miksa kuna matundu ya kutolea sauti ya kila chaneli peke yake, siku ukipata saundi kadi ya njia nane utazitoa hapo na kuziingiza kwenye laini.

"Fundi, saundi kadi yangu ina njia nane lakini kwenye Reaper naona ya kwanza na ya pili tu. Nimebadilisha waya mara tatu." (Dodoma)

Waya hauna kosa. Kwenye Windows, saundi kadi inaweza kuzungumza na kompyuta kwa lugha zaidi ya moja, na ile ya kawaida inayotumika kusikilizia muziki mara nyingi inaonyesha njia mbili. Lugha ya studio ni ASIO, iliyobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani. Pakua draiva ya ASIO (programu inayoiunganisha kadi na kompyuta) kutoka kwa mtengenezaji wa saundi kadi yako yenyewe. ASIO4ALL, ile draiva ya jumla, iache kwa wasio na draiva yao.

Kisha fungua mapendeleo ya Reaper, hiyo programu yako ya kurekodi, nenda sehemu ya kifaa cha sauti, chagua ASIO, halafu chagua jina la kadi yako. Chini yake kuna sehemu mbili watu wanazipita bila kuziona: njia ya kuingilia ya kwanza na ya mwisho. Kama ya mwisho imebaki 2, utaona mbili mpaka kiama. Weka 8. Baada ya hapo kila treki ichagulie tundu lake, treki ya 1 tundu la 1, treki ya 2 tundu la 2, uziwashe zote kwa kurekodi. Ukimaliza, hifadhi mpangilio huo kama kiolezo ili kesho usianze upya. (Reaper unaweza kuijaribu siku 60 bure, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Tafadhali msiniulize tena programu zilizovunjwa kufuli ili zitumike bila kulipiwa. Nusu ya matatizo ninayoitwa kutazama yanatokana nazo.)

"Nikiwasha 48V wakati maiki ya kawaida ya kuimbia imechomekwa, itaungua?" (Mwanza)

Haiungui, mradi waya wake ni wa XLR na mzima. Umeme huo, unaolisha maiki za kondensa, unapita sawa kwenye nyaya zote mbili za sauti na maiki ya dainamiki, kama hiyo yako ya kuimbia, haiutambui. Zinazotaka tahadhari ni maiki za zamani za ribboni. Na kwa kuwa saundi kadi nyingi zinawasha 48V kwa mafungu, siyo tundu mojamoja, panga kondensa zako zote kwenye fungu moja. Punguza sauti ya spika kabla ya kubonyeza.

"Assalaam alaykum. Kikundi chetu cha taarab kina udi, kanuni, fidla tatu, akodiani, dabalbesi, dumbak na waimbaji. Tumenunua kadi iliyoandikwa njia 18, matundu ya maiki ni manane. Tukaongeza kisanduku cha priampu nane kwa waya wa mwanga. Sasa zinaingia zote, lakini kila baada ya sekunde chache tunasikia 'tik'." (Unguja)

Waalaykum salaam. Nashukuru kwa swali hili, maana hiyo "tik" iliwahi kunilaza macho.

Kwanza hesabu ya 18. Ni nane za matundu, nane za mwanga, na mbili za tundu la dijitali la S/PDIF. Zile nane za mwanga zinaitwa ADAT. Jina lilitoka kwa mashine ya Alesis iliyotangazwa 1991, iliyorekodi treki nane kwenye kanda ya S-VHS, jamaa wa kanda zile za video za nyumbani. Mashine zimekwisha, lugha yake imebaki. Waya wake ni uleule unaotoka kwenye televisheni kwenda spika za sebuleni, kwa hiyo usikubali kuuziwa "waya maalumu wa studio". Unabeba njia nane ukirekodi kwa 48 kHz, yaani sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde. Ukipanda 96 kHz zinabaki nne, na watu wanadhani kisanduku kimekufa nusu.

Sasa "tik". Kadi yako inahesabu sampuli 48,000 kwa sekunde, na kisanduku nacho hivyohivyo. Lakini kila kimoja kinahesabu kwa saa yake, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawa kabisa. Tofauti ni ndogo sana, ila inajilimbikiza, na ikifika sampuli moja, moja inarukwa au inarudiwa. Hapo ndipo mnaposikia "tik". Nyinyi watu wa taarab mnalijua jambo hili kuliko mafundi. Akodiani haisokotwi nyuzi, ina sauti yake iliyotoka nayo kiwandani. Kwa hiyo udi, kanuni na fidla zote husawazishwa kuifuata. Hakuna anayesema tutakutana katikati.

Basi fanyeni kisanduku kiwe akodiani. Kwenye kisanduku, swichi ya saa iwekwe kwenye saa ya ndani, 48 kHz. Kwenye programu ya saundi kadi, chanzo cha saa kitoke "ndani" kiwe ADAT, na programu ya kurekodi iwe 48 kHz vilevile. Subirini taa au neno la kuonyesha saa zimeshikana. Lisipotokea, tazameni kama waya umetoka tundu la kutolea la kisanduku na kuingia tundu la kuingilia la kadi. Matundu hayo yanafanana kama mapacha. Na msishangae ADAT ikianzia namba 11 kwenye orodha: katika baadhi ya kadi, 9 na 10 ni za S/PDIF.

Mimi nilirekodi jioni nzima ya mazoezi kwa kikundi kimoja bila kubadilisha kitu hicho kimoja. Nyimbo tisa. Kwenye spika ndogo sikusikia kitu, dumbak ilikuwa inazifunika. Nyumbani, kwenye taksimu, pale udi unapopigwa peke yake, "tik" zilikuwa zinadondoka kama maji ya bomba bovu. Nilirudi kuwaomba radhi na tukarekodi upya kwa nauli yangu. Tangu siku hiyo narekodi kwanza dakika mbili za udi peke yake, nasikiliza kwa hedifoni, ndipo namwita mtu mwingine.

"Niaje fundi. Nikiimba najisikia nimechelewa, kama mwangwi. Laptopu ni nguvu." (Kisumu)

Poa. Nguvu ya laptopu haijachangia. Sauti inakusanywa kwenye bafa kabla ya kushughulikiwa. Bafa ya sampuli 512 kwa 48 kHz ni milisekunde 10.7 kuingia, na nyingine kama hizo kutoka. Ukiongeza ucheleweshaji wa draiva umepita 21, na mwimbaji anaanza kuyumba. Shusha iwe 128: milisekunde 2.7 kila upande. Sauti hewani hutembea karibu mita moja kwa milisekunde 3, kwa hiyo pande zote mbili pamoja ni sawa na kusimama karibu mita mbili mbali na spika. Ikianza kukwaruza, zima plagini nzito (programu ndogo za kurembesha sauti) wakati wa kurekodi, urudishe bafa juu wakati wa kuchanganya. Au ondoa tatizo lote: programu ya saundi kadi nyingi ina miksa yake ya ndani inayokurudishia sauti kwenye hedifoni bila kupitia kompyuta. Ukiitumia, zima usikilizaji kwenye treki, la sivyo utajisikia mara mbili.

"Kuna mvumo mzito kwenye spika kila nikichomeka chaja ya laptopu." (Arusha)

Umejijibu nusu. Mvumo huo ni umeme wa 50 Hz na vizidishi vyake, unazunguka kupitia njia mbili za ethi zilizokutana kwenye vifaa vyako. Chomeka chaja, saundi kadi na spika kwenye ekstensheni moja. Waya za kwenda kwenye spika ziwe za TRS au XLR, siyo zile za gitaa zenye pete moja nyeusi kwenye jeki. Kama mvumo unaletwa na kinanda au besi, weka kati yake na saundi kadi kisanduku cha DI chenye swichi ya kukata ethi ya sauti. Kwa rekodi ya haraka, chomoa chaja utumie betri.

Usifanye wanachofanya wengi: kukata pini ya ethi kwenye plagi. Nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu na waya wa ethi usiofika ardhini. Niliwahi kugusa maiki kwa mdomo huku nimeshika nyuzi za gitaa katika ukumbi wa namna hiyo, na shoti niliyopata nimeikumbuka kila ninapoona plagi ya pini mbili. Mwite fundi umeme apime.

"Kurekodi treki 16 kwa saa mbili kunataka diski kubwa kiasi gani?" (Muscat)

Treki moja ya biti 24 kwa 48 kHz inakula takriban megabaiti 8.6 kwa dakika. Mara 16, mara dakika 120, unafika gigabaiti 16.6. Uwe na nafasi mara mbili ya hiyo, kwenye SSD ya nje, siyo flashi ya funguo. Na kwa biti 24 huna haja ya kusukuma gaini mpaka taa nyekundu. Acha sauti icheze karibu na desibeli -18 kwenye mita ya programu, vilele visipite -10, kwa sababu siku ya kurekodi watu huimba kwa nguvu kuliko walivyoimba wakati wa kujaribu.