Safisha C kwanza ndo upige imeji

Wadau, mi nawapigia watu imeji za Windows (yaani nakala ya mfumo mzima ya kurudishia baadaye) muda mrefu sasa, na kila siku kuna mtu analeta laptopu ule mstari wa diski C (inapokaa Windows) ushakuwa mwekundu kwa kujaa afu anataka mfumo mzima uingie kwenye flashi. Hauingii. Na hata ukiingia, siku ya kurudisha unakaa kusubiri takataka zilezile zikopike upya.

Wengi wakiambiwa wapunguze wanakimbilia picha na miziki. Hizo we hamishia diski ya nje, hazina kazi kwenye imeji. Mzigo wa mfumo wenyewe uko kwingine. Tafuta cleanmgr (ile Disk Cleanup ya Windows), ifungue kama admin, chagua C, afu utie tiki folda ya Windows.old (Windows yako ya zamani) kama ipo, maana ukiapgredi Windows inaiacha kama siku 10 hivi ndo inaifuta yenyewe (ukishaifuta hakuna kurudi toleo la zamani, so hakikisha kila kitu kinapiga kazi). Ila soma unachotia tiki! Kuna matoleo ya Windows 10 yaliweka hadi Downloads mle ndani, na watu wanavyohifadhi vyeti Downloads, mh.

Kinachofuata ni hiberfil.sys, faili ambalo Windows inatunzia yaliyomo kwenye ramu mashine ikihaibaneti (inazima ila kazi ulizofungua zinabaki). Mashine yenye ramu ya GB 16 hilo faili linakula kama GB 6 na huwezi hata kuliona bila kuwasha faili zilizofichwa. Fungua cmd kama admin, andika powercfg /h off, limeondoka. Kuna programu za imeji zinaliruka zenyewe kweli, ila we zima tu, kwa sababu ile fast startup (ya kuwasha mashine haraka) inalitumia hilohilo na inaacha diski haijafungwa vizuri, ndo maana Clonezilla (programu ya kupiga imeji) inagoma kukopi watu wanadhani diski imekufa.

WinSxS, folda ambayo Windows inatunzia vipande vyake, usiiguse kwa mkono, tafadhali. Ukiipima inaonekana kubwa kuliko ilivyo, sababu faili nyingi mle ni zilezile za System32 zinahesabiwa mara mbili. Kwenye cmd ileile ya admin tumia Dism /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup, iache imalize, restati, ndo upige imeji. Na usichague kukopi sekta kwa sekta, hiyo inabeba hadi nafasi tupu.

Imeji ikishakamilika na unapenda haibaneti, powercfg /h on.