Kabla ya Kuchagua Rangi za Ramani ya Malaria

Ramani ya kwanza niliyowatengenezea watafiti wa malaria ilikuwa na kitelezi cha miaka, ambacho kila ukikivuta mikoa ilibadilika rangi kulingana na idadi ya wagonjwa. Siku ya kuionyesha, Mbeya ilipauka ghafla ilipofika 2016, na mtafiti mmoja akauliza ni afua gani, yaani hatua gani ya kupambana na ugonjwa, iliyofanikiwa kiasi kile. Haikuwa afua. Mwaka huo Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, na wilaya kama Mbozi na Ileje zikaondoka na wagonjwa wao.

Nilikuwa nimekosea mara mbili: nilipaka rangi kwa idadi badala ya kiwango kwa kila watu 1,000, na nilichukulia mipaka ya utawala kuwa haibadiliki. Tangu hapo kila eneo nalihifadhi pamoja na mwaka lilipoanza na mwaka lilipobadilishwa, na ninaliunganisha na takwimu kwa msimbo, wala si kwa jina, maana kata zinazoitwa Majengo ziko katika miji mingi.

Jambo jingine la kuuliza mapema ni mahali mgonjwa alipohesabiwa. Taarifa nyingi za kawaida hutoka zahanati na hospitali, kwa hiyo kata yenye hospitali kubwa huonekana imeelemewa na ugonjwa, ilhali sehemu ya wagonjwa wake wamesafiri kutoka mbali. Hilo liandikwe kwenye ramani yenyewe, karibu na ufunguo wa rangi, kwani maelezo yaliyofichwa ukurasa mwingine hayasomwi.

Sifuri nayo isichanganywe na ukosefu wa taarifa. Zahanati ambayo haikutuma ripoti ya mwezi isipewe rangi ileile ya zahanati iliyopima watu na kukuta hakuna mgonjwa. Ile isiyoripoti mimi huipa mistari ya kijivu. Mahali pa kaya za wagonjwa pasionyeshwe kabisa kwa nukta halisi, kwa sababu kijijini nukta moja inatosha kumtaja mtu.

Mwishowe, keti pembeni umtazame mtafiti akitumia zana yako bila kumwelekeza. Nilipofanya hivyo, nilidhani kitelezi changu ndicho kingempendeza. Alikigusa mara moja, akatafuta kitufe cha kupakua jedwali, akakikosa, akaanza kunakili tarakimu kwa kalamu.