Darasa kwanza, alama baadaye: maswali yenu kuhusu ORDER BY

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu jambo moja: kupanga matokeo ya SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, kwa ORDER BY yenye safu (column) zaidi ya moja. Nimeyafupisha, na mifano yote inatumia majedwali madogo ili uweze kuijaribu mwenyewe.

Nimeandika ORDER BY darasa, alama DESC nikitaka safu zote mbili zishuke, lakini darasa la 1 ndilo linalotangulia. Nimekosea wapi?

DESC (kushuka) hushika safu moja tu, ile iliyoandikwa kabla yake. Safu ambayo hukuisemea chochote huchukuliwa kuwa inapanda. Kwa hiyo amri yako imesomeka hivi: madarasa yapande, alama zishuke. Ulichotaka ni hiki:

SELECT jina, darasa, alama
FROM wanafunzi
ORDER BY darasa DESC, alama DESC;

Hifadhidata husoma orodha hiyo kutoka kushoto. Safu ya kwanza ndiyo inayoamua, na ya pili haiulizwi chochote mpaka mistari miwili ifungane kwenye ya kwanza. Chukua mistari minne: darasa 1 alama 60, darasa 2 alama 72, darasa 1 alama 85, darasa 2 alama 90. Amri ya hapo juu italeta 2 na 90, 2 na 72, 1 na 85, kisha 1 na 60. Sasa zigeuze safu, uandike alama DESC, darasa DESC. Utapata 90, 85, 72, 60, na madarasa yamechanganyika. Safu ya darasa haijafanya kazi yoyote hapo, kwa kuwa hakuna alama mbili zilizolingana. Watu wengi hudhani safu ya pili imeharibika, kumbe haijapata zamu.

Mimi huandika hata ASC (kupanda) waziwazi pale safu zinapoelekea pande tofauti. Si lazima, ila atakayesoma amri hiyo baada yangu hatalazimika kukisia nilikusudia nini.

Niliunganisha safu kwa AND badala ya mkato. MySQL haikulalamika, lakini mpangilio ni ovyo.

Kwa hifadhidata ya MySQL, hiyo ni hesabu halali ya kweli au si kweli, ndiyo maana haikulalamika. Ukiandika ORDER BY ukoo AND jina, kila mstari hupata jibu moja. Majina ya kawaida yakigeuzwa kuwa namba huwa 0, basi mistari yote hupata 0 na yote inafungana. PostgreSQL, hifadhidata nyingine, ingeikataa amri hiyo papo hapo. Weka mkato.

Ninaonyesha rekodi 20 kwa kila ukurasa, nimepanga kwa tarehe. Rekodi moja inatokea ukurasa wa 1 na tena ukurasa wa 2. Kwa nini?

Swali hili nalijali kuliko yote, kwa sababu kosa hili halitoi ujumbe wowote. Rekodi zenye tarehe moja zimefungana, na hukuiambia hifadhidata nani atangulie. Kila ukurasa ni amri mpya, na kila mara hifadhidata ina uhuru wa kuzitoa zilizofungana kwa mfuatano wowote. Mtaalamu wa kompyuta Edgar Codd alipoeleza muundo wa uhusiano mwaka 1970, yaani msingi wa hifadhidata za majedwali, mfuatano wa mistari hakuupa maana yoyote. Mfuatano unaoweza kuutegemea ni ule tu uliouandika mwenyewe.

Niliwahi kuhamisha rekodi kwa mafungu ya 500, nikipanga kwa tarehe peke yake. Idadi ya mwisho ililingana kabisa na ya mwanzo, nikaridhika. Baadaye ndipo nilipoona kwamba baadhi ya rekodi ziliingia mara mbili na nyingine hazikuingia kabisa: kila iliyorudiwa ilichukua nafasi ya iliyopotea. Tiba yake ni safu moja mwishoni:

ORDER BY tarehe DESC, id DESC

Kwa kuwa id, namba ya utambulisho ya kila mstari, haijirudii, hakuna mistari miwili inayoweza kufungana tena. Tangu siku hiyo sigawi kurasa bila safu ya namna hiyo kukaa mwishoni.

Mistari isiyo na tarehe hukaa juu kwenye MySQL, lakini chini kwenye PostgreSQL. Ipi imekosea?

Hakuna. MySQL, SQLite na SQL Server huihesabu NULL (nafasi isiyo na thamani) kuwa ndogo kuliko thamani zote, PostgreSQL na Oracle huihesabu kuwa kubwa. Ukitumia DESC, nafasi hizo zinageuka. PostgreSQL na Oracle zinakuruhusu kuandika NULLS FIRST au NULLS LAST, na SQLite nayo inakubali tangu toleo la 3.30.0. Kwenye MySQL tumia ORDER BY tarehe IS NULL, tarehe. Sehemu ya kwanza hutoa 0 kwa zenye tarehe na 1 kwa zisizo nayo, hivyo zisizo nayo zinakwenda mwisho.

Nataka "dharura" itangulie, ifuate "kawaida", kisha "chini". Alfabeti inaanza na "chini".

ORDER BY CASE kipaumbele WHEN 'dharura' THEN 1 WHEN 'kawaida' THEN 2 ELSE 3 END, tarehe

Kama mpangilio huo unautumia kila mahali, hifadhi kipaumbele kama namba.

Nina faharasa ya (darasa, alama), lakini ORDER BY darasa, alama DESC bado inachelewa.

Faharasa (index), yaani orodha iliyokwisha kupangwa ya kutafutia haraka, inasomeka kwenda mbele au kurudi nyuma. Inatosha zikipanda zote mbili au zikishuka zote mbili. Ukitaka moja ipande na nyingine ishuke, tengeneza faharasa ya (darasa, alama DESC). MySQL kabla ya toleo la 8.0 ilikuwa ikiipokea DESC hiyo na kuipuuza, kwa hiyo angalia toleo lako kwanza. Kisha tanguliza EXPLAIN mbele ya amri yako, ili hifadhidata ikuonyeshe itakavyoitekeleza: ukiona "Using filesort" kwenye MySQL, au "Sort" kwenye PostgreSQL, ujue mistari bado inapangwa upya kila unapouliza. Kwa jedwali la mistari mia chache usihangaike nayo.