Uso Unaovimba Bila Maumivu: Maneno Machache kwa Wanaoanza Kazi ya Kliniki

Ukipangiwa kazi kwenye nchi za joto na mvua nyingi, fangasi wa usoni utakaokutana nao kila wiki ni choa na utangotango. Hao hawatakupa shida. Atakayekupa shida ni yule mgonjwa anayeingia pua imetanuka, mdomo wa juu umejaa, ngozi iko nzima haina kidonda, na ukimuuliza panauma anasema haumwi. Mfukoni ana karatasi za antibiotiki za kila aina, na pengine prednisoloni, dawa ya steroidi, ambayo ilipunguza uvimbe siku chache kisha ukarudi.

Kabla hujafikiria jina la ugonjwa, uliza mambo mawili: umeanza lini, na unauma? Majibu hayo ndiyo yatakayokuelekeza njia. Uso uliovimba ndani ya siku chache, kwa mtu mwenye kisukari au kinga iliyoshuka, pamoja na maumivu, jicho linalotokeza au weusi ndani ya pua au kwenye kaakaa, uchukulie kuwa mukomaikosisi, ugonjwa wa fangasi unaoua nyama ya mwili haraka, mpaka ithibitike vinginevyo. Hiyo ni dharura. Unaanza amfoterisini B, dawa ya fangasi, unashusha sukari, unamwita daktari wa upasuaji usiku huohuo akaondoe nyama iliyokufa. India iliwaona wagonjwa wengi wa namna hiyo wakati wa wimbi la UVIKO la mwaka 2021.

Lakini mgonjwa niliyeanza naye ana miezi, wakati mwingine miaka. Huyo anaweza kuwa na konidiobolomaikosisi, na karibu kila kanuni ya hapo juu inageuka.

Chanzo ni fangasi anayeitwa Conidiobolus coronatus. Anaishi kwenye udongo wenye unyevu, majani yanayooza na wadudu. Wagonjwa wengi ni wanaume watu wazima wanaofanya kazi nje, na wengi wao kinga yao haina kasoro yoyote, kwa hiyo kipimo cha VVU kikitoka safi kisikufanye uufute ugonjwa huu kwenye orodha yako. Umeripotiwa zaidi Afrika Magharibi na Kati, India, Brazili na visiwa vya Karibi. Mbegu zake huvutwa pamoja na hewa zikashika ndani ya pua, mara nyingi kwenye kikunjo cha chini cha ukuta wa pua. Ndiyo maana dalili za mwanzo ni za pua: tundu moja kuziba, kamasi, damu kidogo. Baadaye uvimbe unatambaa chini ya ngozi hadi kwenye mashavu, mdomo wa juu na katikati ya nyusi.

Basi shika uvimbe kwa vidole. Utakuta mgumu kama raba, umeng'ang'ania tishu za chini, huku ngozi ya juu haijatoboka. Kisha chukua taa na kipanuzi cha pua, angalia matundu yote mawili. Wageni wengi huangalia uso wakasahau pua, na pua ndiyo yenye jibu. CT skani ikipatikana itaonyesha tishu laini zilizonenepa na mfupa ambao kwa kawaida haujaliwa. Mfupa ukiwa umeliwa, rudi nyuma ufikirie limfoma, saratani nyingine au mukomaikosisi.

Sasa kinyama, yaani biopsi, kipande cha nyama cha kupimwa maabara, na hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo majibu mengi hupotea. Chukua kipande cha ndani, chenye kina, ama kwenye kikunjo cha pua ama kwenye uvimbe wenyewe. Kuparua juujuu hakutoshi. Kigawe. Nusu iende kwenye formalini kwa histopatholojia, yaani kutazamwa kwa hadubini, nusu kwenye salini safi kwa ajili ya kuotesha. Ukitia chote kwenye formalini umeua fangasi, hakuna cha kuotesha. Hiyo nusu ya salini usiiweke kwenye friji, maana fangasi huyu hapendi baridi. Ipeleke maabara mapema kwa mkono wako kama hakuna mtu. Waambie wenzako wa maabara wasiisage, waikate vipande vidogo tu, kwa kuwa nyuzi zake ni laini na kusaga kunaziua. Wasitumie pia agari, yaani chakula cha kuoteshea, yenye saikloheksimidi, kwa kuwa humzuia fangasi huyu kuota.

Ikiota, inaota haraka, ndani ya siku chache. Na hapa kuna jambo ambalo mimi huwa sichoki kulitazama: angalia kifuniko cha sahani ya kuoteshea. Fangasi huyu hurusha mbegu zake kwa nguvu, zikagonga kifuniko na kukitia ukungu mweupe. Fundi asiyejua atadhani sahani imechafuliwa na kuitupa. Mpigie simu mapema.

Kuotesha kukishindikana, na hushindikana mara nyingi, slaidi ya ile nusu ya formalini inatosha kuanzia tiba. Utaona nyuzi pana zenye kuta nyembamba na vigawanyo vichache, kila uzi umevikwa ala ya waridi, eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, zimejaa pembeni, na mishipa ya damu haijavamiwa. Rangi ya kawaida ya hematoksilini na eosini ndiyo inayoonyesha ala hiyo vizuri. Rangi maalumu za fangasi zinaweza kushika hafifu zikakudanganya.

Mengine yanayofanana nitayataja kwa haraka. Rinosporidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya puani unaoonekana zaidi India na Sri Lanka, hutoa nyama nyekundu zenye vidoadoa vyeupe puani na hutibiwa kwa kukata. Rinoskleroma, uvimbe mwingine wa pua, husababishwa na bakteria. Ukoma na lishimaniasisi nazo zinaweza kukaa puani. Vipele vingi usoni vyenye kishimo katikati, kwa mtu mwenye VVU, ni habari nyingine kabisa: fikiria fangasi wengine, yaani kriptokoka, histoplasma, na kwa aliyeishi Kusini-Mashariki mwa Asia, talaromaikosisi.

Tiba ni vidonge na subira. Itrakonazoli, dawa ya fangasi, miligramu 200 hadi 400 kwa siku, au mmumunyo wa potasiamu ayodidi unaoanza kwa matone machache na kupandishwa polepole, au vyote viwili. Kuna waliopona kwa kotrimoksazoli, ambayo ni antibiotiki, pia. Kapsuli za itrakonazoli zimezwe pamoja na chakula. Omeprazoli, dawa ya asidi ya tumbo, hupunguza kufyonzwa kwake, na rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huishusha kwenye damu hadi isifanye kazi. Pima ini, na usimpe mwenye moyo ulioshindwa. Ayodidi huleta ladha ya chuma mdomoni, mate mengi na chunusi, na ikitumika muda mrefu huvuruga tezi ya thairoidi, kwa hiyo ipime. Mueleze mgonjwa haya siku ya kwanza, la sivyo ataacha dawa mwenyewe bila kukuambia.

Piga picha ya uso kila hudhurio, pembe ileile, mwanga uleule, kwa ridhaa yake. Uvimbe unapungua taratibu mno kiasi kwamba yeye mwenyewe haoni, na picha ndizo zinazomshawishi kuendelea. Dawa ziendelee miezi mingi, na angalau mwezi mmoja baada ya uvimbe kwisha. Kukata uvimbe mapema hakuponyi na kunaweza kuusambaza, hivyo upasuaji wa kurekebisha sura ungoje hadi fangasi amekwisha na hali imetulia.